Ndama wa Kompyuta

Juzi niliingia na mume wangu katika duka la vifaa vya kompyuta pale Nyawera, katikati ya mji, tukiwatafutia watoto wetu mashine ya kusomea. Muuzaji aliwasha stabilisateur ya zamani iliyokuwa chini ya meza yake, kile kisanduku kizito cha kutuliza umeme. Ikanguruma kidogo, halafu ikatoa harufu ya vumbi lililopata moto. Kijana yule akauliza kwa adabu, "Maman, budget yenu iko ngapi?" Mume wangu akataja kiasi chetu. Mimi nilikuwa mbali, kwa maana harufu ile ilikuwa imenirudisha Bagira, mtaa nilikokulia, na bajeti ya kompyuta ya kwanza ya nyumbani kwetu ilikuwa na pembe mbili na mkia.

Tulikuwa watoto wanne, katika mojawapo ya zile nyumba za Bagira zilizopangwa mistari mistari tangu enzi za Wabelgiji. Furaha alikuwa mkubwa, anamaliza sekondari upande wa biashara. Bahati alimfuata, mvulana pekee, na kwa sababu hiyo aliamini dunia ina deni kwake. Kisha mimi, kisha kitinda mimba aliyekuwa bado ananyonya. Papa alikuwa muuguzi katika kituo cha afya, ingawa mtaa mzima ulimwita Dokta naye hakujisumbua kuwasahihisha. Maman aliuza vitenge sokoni. Hatukulala njaa, lakini kila tulichoomba kilijibiwa kwa maneno yale yale: tutaona mwezi ujao.

Mwaka ule Furaha alikuwa na mtihani wa serikali, na ndani yake sehemu ya vitendo. Angeketi mbele ya kompyuta, mbele ya watu wasiomjua, aandike barua na kupanga hesabu kwenye jedwali huku wanamtazama vidole. Shuleni mashine zilikuwapo, lakini mara nyingi umeme haukuwapo, na umeme ulipokuwapo mwenye ufunguo hakuwapo. Basi mwalimu aliwafundisha kompyuta kwa kuichora ubaoni. Furaha alikuwa na kibodi yake ya karatasi ngumu, ameichora kwa rula na kalamu nyekundu, na jioni aliigonga mezani kimya kimya. Vidole vyake vilijua kila herufi inakokaa, ila hajawahi kugusa kitufe kinachobonyea. Wengi wa waliomtangulia walikuwa wameangukia hapo hapo, na Furaha alikuwa anakonda kwa hofu.

Noeli tulienda wote kumsalimia Koko, mama yake Papa, aliyekaa kijijini, juu kidogo ya Lwiro. Alikuwa mjane na aliishi peke yake na ng'ombe mmoja mwekundu. Ng'ombe yule alilala chini ya paa lile lile analolala Koko, upande wa pili wa ukuta wa matete, na usiku ulimsikia akicheua na kupumua. Papa alimsimulia mama yake habari za mtihani, kama mtu anavyosimulia ugonjwa, bila kuomba kitu. Koko aliendelea kumenya maharagwe mpaka yakaisha. Kisha akasema, "Mupeleke ng'ombe. Muuzishe, munulie batoto iyo mashini."

Papa alianza kukataa, akanyamazishwa kwa mkono.

"Lakini Murhula," Koko akamwambia, akitumia jina lake la utotoni ambalo sisi hatukuruhusiwa hata kulitaja, "ng'ombe yangu itanirudishia mutoto yake. Unajua vile inaendaka."

"Itarudisha, Mama," Papa akasema, akacheka kidogo.

Hapo inabidi nieleze jambo kwa wasiotoka kwetu Bushi. Kwetu kuna kutoa na kuna kukopesha, na katikati yao kuna kitu kingine kinachopita kwa njia ya ng'ombe. Mtu akikupa ng'ombe wake, ni wako, unakamua na kunywa. Lakini akizaa, yuko ndama atakayerudi kwa aliyekupa, na usipomrudisha, yule mwenyewe ana haki ya kuja kumfungua ng'ombe wake na kuondoka naye mchana kweupe. Majirani watamsaidia kushika kamba. Hata mtoto wa darasa la tatu, kama nilivyokuwa mimi, alilijua hilo. Mkono mtupu haulambwi, na kwa wazee wetu mkono ule ulipimwa kwa kwato.

Kwa hiyo niliposikia Koko akisema vile sikuona mzaha. Nilielewa kwamba kompyuta tutakayonunua itapaswa kuzaa.

Papa alimpeleka ng'ombe soko la Mudaka, akarudi na koti linalonuka zizi na kitambaa cha pesa kilichofungwa mafundo. Jumamosi iliyofuata tulishuka mjini: yeye, Furaha, na mimi. Mimi nilichukuliwa kwa kuwa siku hiyo hakukuwa na mtu wa kuniacha naye. Tulikuwa na maagizo ya nyumba nzima. Bahati alitaka vipaza sauti viwili vya kupigia muziki. Maman alitaka printa, kwa wazo lake kwamba watu wa mtaa wangekuja kuchapisha barua za kuomba kazi. Furaha alitaka mashine tu, ya aina yoyote, leo. Mimi nilikuwa nimesikia kuna kipanya chenye taa nyekundu tumboni.

Mwenye duka alikuwa mzee mmoja mnene, tonton kama tulivyomwita, aliyetutandikia vitu vyote mezani kama anayepanga mezani chakula cha sherehe. Palikuwa na mashine za mezani zilizotumika Ulaya, na kompyuta moja ya kubeba, nyembamba, ambayo Furaha aliitazama mpaka akasahau kufunga mdomo. Kulikuwa na vipaza sauti, printa, kofia ya kuzuia vumbi, mkoba, kibodi za kila rangi. Papa alivitazama vyote kwa pamoja, mikono nyuma, kama alivyosimama wodini asubuhi. Halafu akaanza kazi yake. Alishika kitu kimoja, akakiinua, akamuuliza Furaha na mimi na tonton, au labda alijiuliza mwenyewe, "Bila iyi, tutaishi ama hatutaishi?"

Vipaza sauti: tutaishi. Vikawekwa pembeni. Printa: tutaishi. Mkoba, kofia, tutaishi. Kompyuta ya kubeba ilimchukua muda kidogo zaidi.

"Muzee, iyi iko muzuri," tonton akasema. "Courant ikienda, yeye anabakia na moto yake mu batri. Mutoto anaendelea kusoma."

"Kitu ya kutembea, siku moja itatembea," Papa akajibu. Bagira yote ilijua redio ngapi zilikuwa zimetembea na wezi mwaka ule. Ikarudi kwenye kabati, na Furaha akatazama pembeni.

Ilipofika zamu ya stabilisateur, Papa aliinua, akaona uzito wake, akasikia bei yake, akaanza kuishusha upande wa vile tunavyoweza kuishi bila kuwa navyo. Tonton hakubishana naye habari za umeme. Alimuuliza kazi yake, na alipojibiwa akapiga kofi.

"Basi Dokta, wewe njo unajua kunishinda. Mutoto anazaliwa muzima, hapati vaccin, anakufa na surua. Ni kosa ya mutoto? Courant ya Bagira munaijua. Inaenda pole, inarudi na hasira. Iyi njo vaccin ya mashini."

Papa akaguna. Stabilisateur ikabaki. Ili ibaki, kipanya chenye taa nyekundu kilipaswa kuondoka, tukapewa cha kawaida, chenye kijipira kinachozunguka chini. Nilisikitika, lakini sikulia. Nilikuwa nimeona utaratibu ulivyo, na niliuona una haki. Kila kitu kilipewa nafasi ya kujieleza, na kisichokuwa na cha kujibu kiliwekwa kando.

Tulirudi na mashine ya mezani yenye skrini nzito ya kioo kilichotuna kwa mbele. Tuliiweka sebuleni, Maman akaishonea vazi la kitenge, kila kipande na chake, hata kibodi ikapata shuka. Umeme ulipokuja, Papa aliwasha stabilisateur kwanza, tukasubiri ingurume na kunukia, kisha akabonyeza kitufe cha lile sanduku refu. Likapumua. Niliweka mkono ubavuni mwake. Lilikuwa la moto na lilitetemeka kwa ndani bila kuacha, kama ubavu wa yule mwekundu alipokuwa na mimba. Sikuhitaji uthibitisho mwingine.

Miezi iliyofuata nyumba yetu ilikuwa na watu wawili wenye kazi nzito. Furaha alikuwa mmoja. Aliamka saa yoyote umeme uliporudi, akaandika barua kwa wakurugenzi wasiokuwapo, akapanga mishahara ya wafanyakazi aliowabuni, na kila umeme ulipokatika alisema neno moja la Kifaransa ambalo Maman alijifanya halielewi. Mwanzoni alipiga kibodi kwa nguvu mno, maana ile ya karatasi haikumzoesha kuhurumia. Kisha mkono ukalainika. Akaanza kula tena.

Mwingine nilikuwa mimi, mkunga. Koko alikuwa akitandika majani makavu ya mgomba ng'ombe anapokaribia kuzaa, ili ndama asiangukie ardhi baridi. Sakafu yetu ilikuwa ya saruji, kwa hiyo hatari ilikuwa kubwa zaidi. Nikakusanya majani kwenye migomba ya jirani nikayatandika nyuma ya lile sanduku, karibu na matundu yanayotoa joto, ambako kwa akili yangu ndama angepitia. Maman aliyakuta siku moja akifagia.

"Nani analeta matakataka mu mashini ya watu? Munataka panya zizalie umu?"

Bahati alinisingizia kabla sijasema kitu, na safari hii alikuwa anasema kweli. Majani yakatupwa, nikachapwa kidogo, nikayarudisha kidogo kidogo. Zamu yangu ya kuchezea mashine ilikuwa fupi, baada ya Furaha na baada ya Bahati, na mara nyingi umeme uliondoka ikiwa imefika tu. Lakini hilo halikuniumiza kama hofu niliyokuwa nayo. Miezi inapita na mashine haizai. Koko atakuja na kamba. Ataifungua mbele ya majirani, na Furaha atarudi kwenye kibodi ya karatasi, mtihani ukiwa mlangoni.

Koko alikuja Pasaka. Alikuwa amevaa kitenge chake cha misa, na kichwani ana kikapu cha ndizi mbivu. Alizunguka meza, akaitazama mashine ikiwa imevaa nguo, akataka ivuliwe. Umeme ulikuwapo. Furaha alimwandikia jina lake kwenye skrini kwa herufi kubwa, na Koko, aliyesoma kidogo shule ya masista, alilisoma kwa sauti na kufurahi. Kisha akaketi na kumwambia Papa, "Njo hivi. Minakuya kwa mutoto ya ng'ombe."

Tulitolewa nje. Mimi nilijibanza chini ya dirisha, lakini nilisikia vipande tu. Nilimsikia Maman, ambaye kwa kawaida hakumpandishia mkwe wake sauti, akisema, "Ng'ombe haelemewi na nundu yake, Mama. Sisi hatujachoka." Sikuelewa nundu imeingiaje. Nilimsikia Papa akisema tupatie siku. Koko alilala usiku mmoja, akaondoka asubuhi bila kamba na bila mashine, na aliponiaga alinishika kidevu muda mrefu.

Jumapili iliyofuata Papa alivaa koti lake, akasema anaenda Lwiro kusalimia. Alirudi jioni mikono mitupu. Hakuna mtu aliyewahi kurudi kwa Koko bila ndizi. Nikajua wamegombana, na nikajua ni kwa sababu mashine imekataa kuzaa, na kwamba mimi ndiye niliyeona dalili za mimba nikawa nimekosea.

Hakukawia kutuita. Tuliketi sebuleni, kitinda mimba yuko mgongoni kwa Maman, naye Maman amesimama, anatazama ukutani. Papa alikuwa na mikono nyuma.

"Koko amezeeka," akasema. "Eko yeye moja mu nyumba, na ng'ombe hayiko tena. Anaomba mutoto moja akae naye, asomee kule. Tumeona ni haki yake." Akamtazama Furaha. "Furaha iko na examen." Akamtazama Bahati. "Bahati ataingia tekniki, na kule Lwiro hakuna." Akatazama mgongo wa Maman. "Uyu ananyonya." Kisha akaniangalia mimi. "Sifa iko na akili. Atasoma popote."

Sikulia hapo pia. Nilikuwa nimeshamwona akifanya kazi ile dukani, nilijua inavyokwenda. Anainua kimoja kimoja, anauliza, na kisichokuwa na cha kujibu ndicho kinachoondoka. Ndama alikuwa ameshapatikana, na hakupitia kwenye matundu niliyoyatandikia majani. Niliumia, nasema wazi, na maumivu yenyewe yalikuwa ya aina ya ajabu, kwa sababu sikuona kosa katika hesabu. Ningekuwa mimi Papa, ningechagua vile vile.

Waliniacha nimalize mwaka. Furaha alifanya mtihani wake, akatoka akicheka, na matokeo yalipotangazwa redioni Bagira ikasikia jina lake na sisi tukasikia Maman akipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Ile mashine ilimpa alichoombewa. Leo ni mhasibu, ana watu chini yake, na akija kwangu hunipangia kabati bila kuombwa. Sijawahi kumwonea kijicho kwa hilo. Sisemi hivyo ili nionekane mwema. Nilimtazama akikonda, nikamtazama akinenepa, na mtu akishaona hayo hawezi kudai kwamba pesa ya ng'ombe ilipotea.

Papa alinipeleka Lwiro likizo ilipoanza. Njiani alinieleza majina ya milima, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikataa kukaa kula. Alisema ana zamu kituoni, akanipa mkono kama mtu mzima, akashuka kilima haraka haraka bila kugeuka. Nilibaki mlangoni na mfuko wa nguo zangu. Upande wa pili wa ukuta wa matete, alikokuwa akilala yule mwekundu, palikuwa pamefagiwa na kuwekwa kitanda kidogo.

Koko alipakua ugali na sombe, yale majani ya muhogo, akaniwekea mbele. Ilikuwa mchana, jua limeingia mpaka katikati ya nyumba. Sikugusa chakula.

"Ule," akasema.

"Njo mie banaweza ishi bila yangu," nikamwambia. Sikulipanga neno hilo, kwamba mimi ndiye wanayeweza kuishi bila yeye; lilitoka.

Koko aliacha kula. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa habari za nyumba asiyoijua.

"Nani anakuambia ivyo?"

Nikamweleza. Nilimweleza duka, vipaza sauti, printa, mkoba, kipanya chenye taa nyekundu. Kisha sebule, Furaha, Bahati, mgongo wa Maman. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alipoanza kusema alisema taratibu, kwa Kiswahili, ingawa mambo mazito alipenda kuyasema kwa Mashi, lugha yetu. Nadhani alitaka nisikose hata neno moja.

"Ile siku ya Noeli, wenzako bote banacheka juu ya mashini. Wewe moja njo ulikuya mu jikoni, unaniuliza, 'Koko, sasa utalala na nani?' Nilimuomba papa yako pale pale, ng'ombe bado haiyatoka. Nikamwambia, mutoto yake njo uyu. Akafikiri ninacheka."

Sikumbuki kuuliza swali hilo. Nimelitafuta miaka yote, mpaka leo silikumbuki.

"Kisha Pasaka akaona sicheke. Akakuya apa Jumapili na koti yake, akakaa pale unakaa. Akanipa Bahati, mie nakataa. Akaniambia atauzisha ile mashini, alete pesa yote, anunue ng'ombe mupya kama inatosha. Nikamuuliza, na Furaha? Akalia, papa yako, mwanaume muzima, mpaka sombe ikapoa. Hakula."

Nilitazama kiti nilichokalia. Kilikuwa kigoda cha kawaida cha miguu mitatu, kimelainika kwa kukaliwa. Sijui kama nilichohisi kilikuwa furaha au hasira, na nikiwa mtu mzima sasa bado sijaweza kuvitenganisha.

"Lakini alikubali," nikasema.

Koko hakunidanganya. Jambo hilo nilimpendea tangu siku ile mpaka tulipomzika.

"Alikubali," akasema, akanisogezea sombe karibu zaidi. "Ule sasa, inapoa."

Nikanawa mikono, nikala.